Diwani Asiyechorika

Mwanadamu huona gere kwa mengi: nyumba ya jirani, cheo cha mwenzake, mke wa mtu. Hayo tumeyazoea. Lakini mtu aumwe na roho kwa sababu mwenzake ametukanwa gazetini na yeye hakutukanwa, hilo sikuwahi kulisikia mpaka nilipomjua Fundi.

Fundi alikuwa mshona nguo. Alianza na viraka, akapanda kwenye sare za shule, akaishia kwenye suti za wakubwa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazamana na soko: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na pasi isiyopoa. Tena alikuwa na kioja ambacho sijakiona kwa fundi mwingine: akikwambia njoo Ijumaa, ukienda Ijumaa unakuta nguo imekwisha. Si "bado vifungo", si "umeme ulikatika", si "pita kesho". Imekwisha, imepigwa pasi, imetundikwa. Watu wakasema, jamani, kama huyu anatimiza ahadi ya suruali, ahadi ya mtaro itamshinda? Wakamchagua awe diwani wao. Wala hakuwaangusha. Mitaro ilizibuliwa, taa za barabarani zikawaka, takataka zikazolewa. Uchaguzi uliofuata wakamrudisha bila jasho.

Mtu kama huyo angetaka nini tena? Alitaka kuchorwa.

Kila Jumamosi gazeti la mji lilitoa katuni, nusu ya ukurasa wa pili, na katuni hiyo haikuwa na kazi nyingine ila kulianika baraza la mji. Meya alichorwa akishuka kwa ngazi kukagua shimo la barabarani. Mwenyekiti wa kamati ya maji alichorwa akioga kwa soda. Diwani wa stendi alichorwa amelalia bajeti na kuikoromea. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Jumatatu yake ukumbi mdogo wa baraza ulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika wala aliyethubutu kuivunja: aliyechorwa ndiye anayewanywesha wenzake chai. Angeingia akijitia kununa, apige meza, aseme, "Nitalishtaki gazeti hili!" Wote wangejua kwamba ametoka nyumbani amelikunja gazeti mfukoni ili awaonyeshe.

Fundi alikunywa chai hiyo miaka nenda miaka rudi, na hakuwahi kuinunua. Kila kikombe kilimshuka kama shubiri. Kuna siku karani wa baraza alimmiminia huku akisema, "Mheshimiwa, wewe ni mgeni wetu wa kudumu," akicheka, hana hili wala lile. Fundi naye akacheka. Siku nzima hakula.

Wengine angewavumilia. Aliyemmaliza ni shemeji yake.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa diwani wa kata ya pili, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia mifugo. Mchora katuni alimpenda huyo kuliko wote. Kila alipomchora, alimchora na koti lililombana na kifungo kimoja kinachoruka hewani kama risasi, kikimpata meya jichoni, kikivunja taa, kikizima moto. Mji mzima ukamwita Bwana Vifungo. Watoto walimkimbilia njiani wakipiga kelele, "Bwana Vifungo, fyatua!" Naye anatoa tumbo nje, anajifanya anafyatua, watoto wanaanguka chini kwa vicheko. Fundi alikuwa akipita barabara hiyohiyo, mitaro ya pande zote mbili amezibua yeye, anasalimiwa kwa adabu: "Shikamoo, Mheshimiwa." Basi. Na njia wanampisha.

Halafu, lahaula, koti lenyewe alilishona nani? Fundi! Kola ile iliyochorwa aliikata yeye kwa mkono wake. Mfuko ule wa kifuani wenye mkunjo wa pembeni ni mkunjo wake. Hakuna fundi mwingine mjini anayeukunja hivyo. Mchora katuni yule alikuwa na jicho, hakuacha kitu. Koti la Fundi limechorwa gazetini mara zisizo idadi, Fundi mwenyewe hata sikio.

"Na tena ni uongo," alimwambia mkewe Jumamosi moja, akilipiga gazeti kwa kidole. "Kifungo changu hakijawahi kung'oka. Nashona kwa uzi mara nne!"

"Sasa unagombana na picha, baba watoto?"

"Sigombani. Nasema kweli."

Mkewe alikuwa na mkasi mkononi. Alikuwa akiikata katuni ile ili aibandike ukutani pamoja na zile nyingine, juu ya kochi, pale ambapo kila mgeni lazima aangalie. Ukuta mzima wa sebule ya Fundi ulikuwa shemeji, shemeji, shemeji. Mama mkwe akija kutembea, husimama pale akatikisa kichwa na kusema, "Mwanangu huyu, tangu mdogo." Kisha humgeukia mkwewe na kumsalimu kwa upole, "Na wewe, baba, hujambo? Kazi haikuchoshi?" Mtu unaweza kufa kwa upole wa namna hiyo.

"Usijali," mkewe alimtuliza, maana hakuwa mjinga, aliuona wivu ulivyomtoka machoni. "Kizuri chajiuza. Kibaya ndicho kinachotembezwa gazetini." Alimaanisha sifa. Fundi alisikia tu kwamba hata mkewe anajua hachorwi.

Akavumilia, akavumilia, mwisho uvumilivu ukamshinda. Siku moja alifunga duka mapema, akaenda ofisi za gazeti.

Mchora katuni alikuwa mama wa makamo, mfupi, mkono wa kulia mweusi kwa wino hadi kwenye kiwiko. Alikuwa na meza yake kando ya dirisha, na juu ya meza karatasi, kalamu, wembe wa kukwangulia makosa na karanga kwenye kisahani. Fundi alijizungusha kwanza. Akasifia dirisha. Akauliza kama mama hahitaji gauni. Mama akamwacha amalize, kisha akamtazama juu ya miwani.

"Mheshimiwa, umekuja kuniomba nisikuchore?"

Fundi akalitazama dirisha tena. "Nimekuja kuuliza mbona hunichori."

Mama yule hakucheka, na hilo lilimpa Fundi moyo. Akavuta droo, akatoa karatasi kadhaa. Zilikuwa na mtu mmoja aliyechorwa upya na upya: mara amekaa, mara amesimama, mara kwa ubavu. Fundi alimtazama mtu yule kwa muda. Alifanana na mhasibu. Alifanana na mwalimu wa zamu. Alifanana na mtu anayesubiri zamu yake benki.

"Huyo ni wewe," mama akasema. "Nimekujaribu, wallahi. Katuni, Mheshimiwa, ni kikaango. Lazima iwe na mpini msomaji aishike. Meya ana masikio. Shemeji yako ana kifungo. Wewe nikushike wapi? Husinzii, hubwati, huli vya watu. Nikikuchora inabidi niandike jina chini, na katuni ya kuandikwa jina chini imekufa."

"Kwa hiyo mimi sina mpini."

"Mshukuru Mungu. Humu kwenye katuni wanaingia walioharibu."

Neno hilo la mwisho lingemtosha mtu mwenye akili timamu. Lakini wivu ukishapanda, masikio huchagua. Fundi alitoka pale amebeba neno moja tu, hana mpini, hana mpini, na njia nzima alijitazama kwenye vioo vya maduka akitafuta pua yake ina nini.

Wakati huohuo soko lilikuwa linavuja. Hili ndilo jambo lililokuwa mbele ya baraza msimu ule, na lilikuwa jambo la Fundi hasa, soko likiwa katani mwake. Mabati yalikuwa yametoboka kwa kutu, mvua ikinyesha kina mama wanafunga maturubai juu ya meza zao, na turubai likijaa maji wanalisukuma kwa fimbo yamwagike kando, mara nyingi juu ya jirani. Mkewe alikuwa na meza ya nyanya na vitunguu katikati kabisa, chini ya tundu kubwa kuliko yote. Vitunguu vikilowa vinaoza, kila mtu anajua. Aliwahi kuugua kifua mpaka akalazwa. Fundi aliapa mbele ya kina mama wale kwamba mwaka huu paa jipya litapita, na wao wakaanza kuwaambia wateja kama vile limeshaezekwa, kwa sababu ni Fundi aliyesema.

Siku ya kikao roshani ya wageni ilikuwa karibu tupu, maana kina mama walikuwa kwenye meza zao sokoni. Mama mchoraji alikuwa amekaa mbele na kisahani chake cha karanga, daftari magotini, penseli sikioni.

Fundi akatoa hoja. Aliitoa vizuri, kwa utaratibu: hali ya mabati, maoni ya mhandisi, fungu litakapotoka. Madiwani wawili walisinzia. Aliinua macho kwenye roshani mara moja. Mama alikuwa anamenya karanga.

Kisha shemeji akasimama kuunga mkono. Kwa haki, siku hiyo alikuwa upande wa haki. "Waheshimiwa," alinguruma, "dada yangu amelowana vya kutosha! Kama paa halipiti, nitakwenda kusimama mimi pale juu ya soko nilizibe tundu kwa hili!" Akalipiga tumbo. Ukumbi ukalipuka. Meya akakohoa kwa kicheko. Na kule roshani, penseli ilitoka sikioni ikaanza kukimbia.

Fundi aliiona. Hoja ni yake, soko ni lake, mke anayelowana ni wake! Yeye kashinda majuma na mhandisi juu ya mabati yale, na huyu kaja na tumbo tu, kachukua kila kitu. Angechorwa tena. Angebandikwa tena juu ya kochi. Jumatatu angenunua chai tena, na yeye Fundi angekunywa tena.

"Mtoa hoja, una neno la kufunga kabla ya kura?" Meya akauliza.

Kilichotakiwa ni kusema "Naomba kutoa hoja" na kukaa. Sentensi moja. Badala yake Fundi alisimama, akavuta koti, akasikia sauti yake ikitoka na mlio asioujua.

"Waheshimiwa, kwani haraka ya nini? Mboga si hunyunyiziwa maji zikae mbichi? Soko letu Mwenyezi Mungu ananyunyizia mwenyewe, bure, bila fungu la bajeti! Tukiezeka, tutaajiri nani ashike kopo?"

Walitazamana, maana hakuna aliyewahi kumsikia Fundi akifanya mzaha. Kisha kicheko kikaja, na kilikuwa kikubwa kuliko cha shemeji. Fundi alikipima, kilikuwa kikubwa. Waliosinzia waliamka. Meya alifuta machozi kwa leso. Fundi alitazama roshani: penseli ilikuwa inakimbia, inakimbia, mama amesahau karanga zake. Alikusudia kugeuza hapo, aseme "lakini tuache utani, ndugu zangu," alikuwa na maneno tayari mdomoni. Ila kicheko kile kilikuwa kitamu mno. Akaongeza, "Na wachuuzi nao wakilowa wanabaki wabichi!" Ukumbi ukaanguka tena.

"Basi," Meya akasema, bado anahema, "kama mtoa hoja mwenyewe hana haraka, na viti vya ukumbi huu vimechakaa, napendekeza fungu liende kwenye viti, paa lingoje bajeti ijayo. Wanaoafiki?"

Mikono ikapanda, vicheko bado vikiendelea. Fundi angeweza kusimama. Kanuni zilimruhusu, na alizijua kuliko wote mle ndani. Lakini penseli ilikuwa bado inakwenda, na angesimama kupinga, utani ungeharibika, na picha nayo ingeharibika. Akakaa kimya. Shemeji ndiye aliyemgeukia, hana tena uso wa mzaha.

"Shemeji, umefanya nini?"

Nyumbani Fundi alisema tu kwamba hoja imeahirishwa. Mkewe alikaa chini, akauliza nani aliyeiangusha. "Baraza," Fundi akajibu, na moyoni akawa anahesabu tu kwamba kesho kutwa ni Jumamosi.

Jumamosi ikafika na mvua yake. Fundi hakungoja gazeti liletwe dukani. Alilifuata kibandani, akalifungua palepale chini ya mwavuli wa muuza magazeti.

Soko lilikuwepo. Mvua ilikuwepo, imechorwa kwa mistari mikali mizuri. Kina mama walikuwepo, wamelowa chapachapa, na mmoja wao ameshika kitunguu kilichoota majani. Na mbele yao, chini ya mwavuli, amesimama mheshimiwa akisema: "Mwenyezi Mungu ananyunyizia bure!" Kifungo cha koti kilikuwa kinaruka hewani.

Alikuwa shemeji.

Fundi aliigeuza karatasi kana kwamba yeye angekuwa nyuma yake. Mama mchoraji hakuwa amekosea. Alikuwa amefanya kazi yake. Kwa wasomaji wake Bwana Vifungo hakuwa tena mtu fulani, alikuwa baraza zima lenye tumbo moja. Maneno yalikuwa matamu, asingeyatupa, na mwenye maneno hakuwa na pa kushikwa. Habari iliyoandikwa chini yake ilikuwa fupi, ikasema hoja iliahirishwa kwa kauli ya pamoja, haikumtaja mtu.

Aliingia sokoni akilowa. Kina mama walikuwa wamejikusanya kwenye meza ya mkewe, gazeti limewekwa juu ya vitunguu, na laana zilikuwa zinamiminika kuliko mvua. "Bwana Vifungo leo asipite hapa!" "Na kura zetu akome!" Mkewe alikuwa amelowa mabega, simu iko kiganjani, sauti amefungulia wote wasikie.

"Kaka, ni mimi dada yako unayenifanyia hivi? Mimi uliyekuja kuniangalia hospitali? Sema si wewe. Niambie tu si wewe."

Kwenye simu sauti ile nene ikaja, imelegea. "Nisamehe, dada. Ulimi uliteleza."

Fundi alisimama kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mtu mwingine yeyote angeelewa pale pale kwamba shemeji yake alikuwa anaificha aibu ya nyumba ile, amejitwika matusi ya soko zima ili ndoa ya dada yake isiyumbe. Fundi hakuelewa hivyo. Damu ilimpanda kichwani. Mwizi! Koti kamshonea, ukuta kamwachia, chai kamnywea, na sasa hata hili moja, moja tu maishani, analichukua mchana kweupe!

"Amekiri, angalau," mama mmoja muuza kabichi akasema. Halafu, kwa shingo upande, akaguna na kucheka. "Lakini tuseme ukweli, jamani. Hiyo ya Mungu kunyunyizia bure! Ni Bwana Vifungo tu angeweza kuitoa."

"Ni yangu!" Fundi akapiga kelele.

Wote wakageuka.

"Ni yangu mimi! Yeye hakusema kitu, yeye aliunga mkono! Mimi ndiye niliyesimama, mimi ndiye niliyesema, mpaka Meya akatoa leso! Na ya kubaki wabichi pia ni yangu, hata hawakuichora!"

"Shemeji," simu ikasema taratibu, "nyamaza, nakuomba."

Turubai lilikuwa limejaa, na hakuna aliyelishikia fimbo. Maji yakaanza kutiririka juu ya nyanya. Mkewe alimgeukia mumewe.

"Wewe ndiye uliyeliangusha paa?"

"Mimi," Fundi akajibu, kifua mbele.

"Mbona unacheka?"

Fundi alipeleka mkono mdomoni. Meno yalikuwa nje. Alijaribu kuyafunika na midomo ikamkatalia, mpaka akawa ameshika uso wake kwa mikono miwili mbele ya watu waliompigia kura.

Mkewe aliisogeza simu karibu. "Kaka, nisamehe," akasema, akaikata. Kisha akawaambia wenzake, bila kupaza sauti, "Mlikuwa mnauliza diwani wetu alikuwa wapi siku ile. Huyo hapo, muulizeni wenyewe." Akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri, akamwuliza kama anataka nyanya za kupika leo au za kesho.